Kamba ya Kupanda Mupaka Kwenye Satelite

Vita ilifunga universite kule Kisangani, kaka yangu mukubwa akarudi kwetu Vulamba, hapa Butembo, kichwa kimejaa uinjinia na kazi hapana. Akaanza kutuelezea kamba moja: mwisho wa chini unafungwa hapa kwenye ikweta, wa juu unashikwa na satelite, na mashini zinapanda humo na mizigo. "Na ikweta inapita karibu na Butembo, siyo Paris!" Kwa nini haianguki? Eti funga jiwe kwa kamba, ulizungushe, utaona kamba inakaza yenyewe; na dunia nayo inazunguka vile. Akatundika kipande cha waya wa chuma kwenye mukaratusi nyuma ya nyumba, kila siku akawa anakiongezea uzito na kupima kitakatika lini.

Mama sasa, loo! Kwetu Waprotestanti, mutu anasimama kwenye kikundi cha maombi, anasema shida yake kwa sauti. Mama akasimama, akaomba Mungu amusamehe mutoto wake anayejenga munara wa Babeli nyuma ya nyumba. Siku hiyo hiyo mutaa muzima ulijua. Nilikasirika mupaka nikashindwa kula, maana kanisa lilikuwa linatafuta kijana mumoja wa kupeleka Uganda amalize masomo, na watu walikuwa wanamutaja kaka.

Pasta akafika na mashemasi wawili. Wakazunguka nyumba wakitafuta musingi wa munara, wakakuta waya, mukaratusi na kuku. Shemasi mumoja akacheka. Pasta akaketi, tukamupa chai.

"Kwa hiyo, mutoto wangu, kitu hicho hakiwezekani?"

"Kwa chuma hapana, pasta. Kamba ikiwa ndefu vile, uzito wake wenyewe utaikata hata hujapandisha kitu."

"Vizuri! Basi Jumapili simama mbele ya kanisa, useme haiwezekani. Mambo yaishe, uende kusoma."

Mimi moyoni: sema ndiyo, wee, sema ndiyo!

"Pasta, kukipatikana uzi mwepesi wenye nguvu kupita chuma, itawezekana. Ni ngumu sana, lakini siwezi kusema haiwezekani."

Pasta akaweka kikombe chini, akaaga.

Jumapili kanisa likataja kijana mwingine. Nililia njia yote ya kurudi. Nyumbani baba, mwenye lori, akamuuliza kaka polepole: "Mutoto wangu, si ungesema tu?"

"Baba, ningesema vile, ningeenda Uganda kusoma nini?"

Kesho yake baba akamufungulia kaka mulango wa lori, wakashuka Beni kupakia kahawa.