Mgomba wa Bauma

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, kwetu Masisi mtu ambaye mwili wake haukupatikana alizikwa kwa mgomba. Watu walikata mgomba, wakauviringisha kwenye blanketi lake, wakaulilia usiku kucha, kisha wakaushusha kaburini. Katekista wetu hakuipenda desturi hiyo. Alisali mlangoni, sala ndefu kidogo kuliko kawaida, halafu akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kutembelea. Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemfuata. Tulijua wote kwamba mtu asiyezikwa hafiki anakokwenda, na asiyefika hurudi kutafuta wa kwenda naye.

Kaka yangu Bauma alikuwa amekwenda kuchimba mawe ya madini Walikale, ndani ya msitu, na shimo likawaangukia. Rafiki yake alifika kwetu na begi la Bauma mgongoni. Kabla hajasema neno, Mama alikuwa amekwisha kukaa chini kwenye vumbi. Baba yetu alifariki nikiwa sijajua kutembea, kwa hiyo Bauma ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Ndiye aliyeezeka paa, na ndiye aliyeniambia kila asubuhi kwamba nina miguu ya kuku.

Sikulia. Watu walidhani nina roho ngumu. Sikuwa na roho ngumu wala laini; nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unauona uko pale lakini ukikanyaga hausikii ardhi. Niliteka maji, nilimenya viazi, na mtu aliponishika bega nilingoja tu aondoe mkono wake.

Papa mdogo, yaani mdogo wake marehemu Baba, ndiye aliyetumwa kutafuta mgomba. Sasa, Bauma alikuwa mrefu, wa kuinama kwenye kila mlango, na Papa mdogo hakutaka azikwe mfupi. Alichukua shati na suruali ya Bauma, akaenda nazo shambani, akawa anazipima kwenye migomba michanga, mmoja baada ya mwingine. Alipata uliokaribia urefu wake, lakini ungekatwa juu ya ardhi, kama inavyotakiwa, ungepungua. Basi akauchimbua mzima, na tunguu lake la chini lenye mizizi, akalifunika vizuri kwa blanketi ili Koko, bibi yetu, asilione. Alifanya hivyo kwa kumpenda Bauma. Tukauzika hivyo hivyo, tena kaburi lenyewe halikuwa refu kwenda chini, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wachimbaji wamechoka.

Aliyewahi kulima ndizi anajua kilichofuata. Mvua zilipokolea, chipukizi la kijani likatoboa kaburi la kaka yangu.

Mama ndiye aliyeliona kwanza, na alicheka. Alituambia kwamba Bauma yuko hai, kwamba kuna watu wamemtoa shimoni na atarudi. Tangu siku hiyo akaacha kilio, na pamoja na kilio akaacha kila kitu. Alilizungushia chipukizi uzio wa vijiti, akalimwagia maji ya kuoshea vyombo, akakaa kando yake mchana kutwa akiitazama njia inayoshuka kuelekea Ntoto, ile aliyoondokea Bauma. Majira ya kupanda maharagwe yalifika, majirani wakapanda, shamba letu likabaki na majani yake. Mimi aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

Koko alinipeleka nyuma ya jiko akanieleza mambo yalivyo. Mgomba wa mazishi ukiota, aliyezikwa hajakubali kwenda. Kaburi halichimbuliwi, kwa hiyo tunguu halitolewi tena. Lazima chipukizi likatwe, mchana kweupe, na mtu aliyetoka tumbo moja naye, na mtu huyo amwambie kwa kinywa chake kwamba yeye anabaki. Mama hawezi, kwa sababu aliyemzaa hawezi kumwambia aende. Tumbo lile lilikuwa limebaki na mimi tu.

"Ile haiko uzima, Riziki," alisema. "Kaka yako njo anasimama mu njia, anangoja mwenzake. Utaikata na mukono yako, ao itakubeba."

Nilimwitikia vizuri, nikaondoka, na nilichofikiri njiani ni kwamba basi anibebe. Sikuogopa. Lilikuwa wazo la kupumzisha, kama kuambiwa leo hakuna shule. Sikulikata chipukizi. Chakula nacho nilikigusa tu ili Koko aone mkono ukienda mdomoni. Nikaanza kukaa kaburini, upande wa pili wa uzio, nikitazamana na Mama. Yeye alimngoja arudi, mimi nilingoja anichukue. Hakuja kwa shughuli yoyote kati ya hizo mbili. Tulinyeshewa tu.

Nikimwaza leo msichana yule niliyekuwa, mwenye umri wa binti yangu wa pili, ndipo hofu inanishika. Naishi Walikale sasa, niliolewa huku, karibu na msitu ule ule, na binti huyo akichelewa kumaliza chakula chake nasimama hapo hadi amalize. Ananiona msumbufu.

Alasiri moja Mama alitoka jikoni na sahani. Alikuwa amekoroga unga wa mwisho uliokuwamo nyumbani, foufou, na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, na nilidhani ananiletea mimi. Alipita mbele yangu, akainama, akaiweka sahani mbele ya chipukizi. Mvuke wa sombe ukanifikia puani. Tumbo langu, lililokuwa limenyamaza tangu begi lile lilipofika, likalia kwa sauti kubwa hivi kwamba niliona aibu. Na nyuma ya njaa ikaja hasira. Nilikasirika kama sijawahi kukasirika, na mtu mwenyewe hayupo wa kukasirikiwa. Nikaenda jikoni nikachukua panga.

Mama alisimama mbele yangu.

"Ukikata ile," alisema, "umeua mutoto yangu."

"Na mimi, Mama? Mimi niko mutoto ya nani?"

Mama alisogea kando. Hakunizuia. Nilipita, nikaondoa vijiti, nikakata. Utomvu ulinirukia kwenye gauni, na doa lake halikutoka tena. Nilimwambia Bauma kama nilivyofundishwa: "Enda. Mimi nabakia." Halafu nikakaa chini pale pale kaburini nikala sahani ile yote, nikilia, kamasi zikichuruzika hadi kwenye foufou. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kwa siku nyingi hakusema nami.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mgomba haumalizwi kwa panga, na kabla ya wiki kwisha, katikati ya kidonda kile, jani jipya lilikuwa limejisokota na kutoka. Koko alinitazama tu. Nikaenda tena, nikakata, nikasema tena. Likaota tena. Ikawa kazi kama kazi nyingine, kati ya kuteka maji na kufagia. Kuna asubuhi nilisema "nabakia" kwa moyo wangu wote, na kuna asubuhi nilisema kama mwanafunzi anayekariri, kwa sababu tu Koko alikuwa anasikiliza nyuma ya migomba. Hakuniambia ni asubuhi zipi zilihesabiwa. Nafikiri zote zilifaa, hata zile za kukariri.

Kisha ikafika asubuhi nilipokwenda na panga nikakuta limekwisha kukatwa. Limekatwa chini kabisa, usawa wa udongo, na utomvu ungali unatiririka. Nilimtafuta Koko, nikamkuta bado amelala. Ndipo nikasikia jembe. Mama alikuwa shambani kwetu, amejifunga kitenge kiunoni, nusu ya majani imeshalala chini. Nilisimama pembeni nisijue kama naruhusiwa kukaribia. Hakuinua kichwa.

"Riziki, leta mbegu," alisema. "Mvua itatuacha."

Sijui kama Bauma alikuwamo kwenye mgomba ule. Katekista angesema hapana, na Koko, ambaye sasa naye amelala kwenye kilima kile, angesema hilo si swali la kuuliza. Mimi sibishani na yeyote. Tulipanda hadi jioni, Mama akichimba, mimi nikidondosha mbegu, naye akifukia kwa mguu. Maharagwe yale yalikuwa yamechelewa sana na hayakuzaa vizuri. Tuliyala yote.