Chanuo Nililolipitisha Kwenye Keki

Siagi ya Tabora haina subira. Ukiipiga na sukari alfajiri inakuwa nyeupe na nzito, inashika mwiko vizuri kabisa. Ikifika saa nne, jua likishakaza, inalegea na kuteleza pembeni mwa keki, na kila mstari uliouchora unajifukia wenyewe. Nilipigana na siagi hiyo miaka saba katika jiko la mzungu mmoja wa reli, na nasema wazi kwamba mara nyingi ilinishinda.

Memsahibu, mke wa mzungu huyo, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na kibati cha pande tatu chenye meno kama ya kitana, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupitishwa kwenye krimu ya siagi ili iache mistari. Unaweka keki juu ya sahani, na sahani juu ya bakuli lililofudikizwa. Mkono wenye kibati unatulia. Mkono wa pili unazungusha sahani polepole, bila kusimama, mpaka mistari ikutane pale ilipoanzia. Ukisita kidogo, kuna kovu. Ukikandamiza, meno yanafika kwenye keki na kuzoa makombo. Ilinichukua mwaka mzima kuikutanisha mistari hiyo, na siku nilipofaulu, memsahibu aliwaambia wageni wake wa chai kwamba amechora yeye. Nilikuwa nimesimama pale pale na birika mkononi. Kibati chenyewe alikifungia kwenye droo pamoja na vijiko vya fedha, utadhani kuna mahali ningekipeleka.

Nyumbani kwetu Kwihara, kijijini nje ya mji, hakuna aliyejua mambo hayo, na baba hakutaka kuyajua. Ujanani mwake, kabla reli haijafika, alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi mara tatu na mzigo begani, na kwa Mnyamwezi wa rika lake huo ndio ulikuwa uanaume. Mwanawe wa kiume kumpikia mke wa mtu mwingine, tena amevaa aproni, lilikuwa jambo alilolivumilia kwa kutolitaja. Kila nilipoleta mkate kutoka mjini aliwagawia majirani wote mpaka ukaisha. Kwa miaka saba hakuwahi kutia mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwangu. Iliniuma, na sina sababu ya kuficha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipochumbiwa na kijana wa Choma, niliamua kwamba keki ya harusi nitaipika mimi, na baba ataila. Sikutaka kingine.

Nilimwomba memsahibu aniazime kibati. Akasema kitapotea. Nikameza hasira zangu nikaenda kwa baba, maana uzeeni alikuwa akichonga machanuo ya nywele, na Kwihara nzima hapakuwa na wa kumfikia. Nikamwambia nataka chanuo pana, la meno mafupi yaliyokaribiana na kulingana.

"La nini, meno mafupi namna hii?"

"La harusi, baba."

Akatabasamu, jambo ambalo kwangu hakuwa na mazoea nalo. Nilijua anawaza nini: kwamba kaka anamtafutia bibi harusi zawadi ya kichwani. Nikamwacha awaze hivyo. Nilijiambia kwamba akiiona kazi yenyewe atafurahi zaidi, na huo ndio ujinga wa mtu anayejiona fundi. Alilichonga siku nne, kwa mti wa mninga, akalisugua kwa majani ya msasa mpaka likateleza.

Siku ya harusi sikwenda kanisani. Wenzangu walipokuwa kwenye Misa, mimi nilikuwa kwenye njia ile ya zamani ya misafara, natoka mjini kwenda Kwihara, keki kichwani ndani ya kapu, krimu mkononi ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa cha maji. Baiskeli ningeipata, lakini ingeitikisa keki. Kila baada ya mwendo kidogo nilisimama kulowesha kitambaa na kuwatukana nzi. Dada mtu anafungishwa ndoa mara moja tu, na mimi siku hiyo nilikuwa nabembeleza siagi.

Ningeweza kuipaka krimu ndani, karibu na mitungi ya maji, palipokuwa na ubaridi. Sikutaka. Nilitaka baba aone. Waliporudi kutoka kanisani, nikaweka meza uani chini ya turubai, mbele ya wageni wote. Nikapaka krimu, nikaisawazisha kwa kisu, nikatoa chanuo. Mkono ukatulia, sahani ikazunguka, na mistari ikaizunguka keki yote mpaka ikakutana. Hata mimi sikuweza kuona ilikokutania. Katika maisha yangu yote sijachora mingine iliyonyooka kama ile.

Nikainua uso nikitegemea vigelegele.

Shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Jamani wakwe zetu," alisema, "huku kwenu mafuta ya nywele mnayala?"

Kwao Choma kina mama wa umri wake walijipaka siagi ya ng'ombe mwilini na kichwani, kisha wakachana. Hicho ndicho alichokiona: siagi, chanuo, na mwanamume anayechana mkate. Nikaeleza kwamba chanuo ni jipya, halijagusa unywele wa mtu. Nikaeleza kwamba ndani ya siagi kuna sukari. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kusogea nyuma.

"Chanuo ni chanuo," alisema mjomba wangu, mjomba wangu mwenyewe, ambaye kila akija mjini hanywi chai isipokuwa yangu.

Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu nikaambulia kukunjiwa pua. Mdogo wangu aliinamisha kichwa chini ya shela na mabega yakaanza kumtetemeka, kwa sababu chakula cha harusi kikikataliwa na wakwe siku ya kwanza, ni yeye atakayekumbushwa maisha yake yote. Siagi nayo ilikuwa imeanza kulegea.

Baba akaja mezani. Akalichukua chanuo, akaligeuza.

"Hili ndilo nililokuchongea?"

"Ndilo, baba."

"Nilidhani la kichwa cha mdogo wako."

Afadhali angenipiga. Alilifuta kwa kitambaa chake, jino kwa jino, akalitia mfukoni mwa koti, halafu akachukua kisu. Nilidhani atakata. Hakukata. Alianza kukwangua, juu kwenda chini, krimu yote ya upande mmoja, akaiangushia kwenye sinia. Upande huo ulipobaki mtupu akakata kipande, akakitafuna mbele ya watu wote, akameza.

"Mkate ni mzuri," akawaambia wakwe. "Karibuni."

Wakaja. Shangazi akalivuta sinia la krimu kwake, akainusa, akajipaka mikononi, akashangaa mbona inanata. Na nzi wote wa Kwihara wakahamia kwake. Watu wakacheka, hata bibi harusi akacheka chini ya shela. Mimi sikucheka. Miaka saba nilingoja baba ale, na sasa alikuwa akila, nami nilisimama pale nimefura. Keki anaweza kuioka yeyote mwenye jiko. Nilichokuwa nimekileta mimi kilikuwa kwenye lile sinia.

Baba akahamia upande wa pili, ambako mistari ilikuwa bado imesimama. Akainama, akaitazama kwa karibu na kwa muda. Akapitisha kidole hewani sambamba nayo, bila kuigusa.

"Imenyooka," aliniambia kwa sauti ndogo, mimi peke yangu. "Mwanangu, mkono wako hautetemeki. Mimi nisingeweza."

Kisha akaweka kisu juu ya mistari akaendelea kukwangua, maana wageni walikuwa wanangoja.