Maneno ya Mzee Babikir

Ihsani, mshonaji wa mtaani kwetu hapa Kasala, aliolewa na Tijani, dereva wa lori, wakakaa miaka kumi na mmoja. Mwezi wa Rajabu Tijani alimwambia, "Nimekuacha," kisha akasafiri. Majirani wawili waliokuwa kibarazani walisikia. Ihsani akakaa eda mpaka ikaisha. Ndipo Tijani akarudi na begi lake, akaagiza chakula, akasema hakutamka talaka yoyote.

Ihsani akaenda kwa kadhi.

Shahidi wa kwanza, Mutasimu, alifika akasema alichosikia. Wa pili, mzee Babikir, alikuwa amepooza upande mmoja tangu hapo, hawezi kuinuka. Kadhi akaagiza watu wawili waaminifu wakayachukue maneno yake. Tukaenda mimi na Hasibu kinyozi.

Ulimi wa mzee ulikuwa mzito. "Shuhudieni kwa niaba yangu, wanangu. Nilimsikia Tijani akimwambia mkewe, nimekuacha. Hakuwa na hasira. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu."

Mahakamani nilisema hivyo hivyo. Hasibu naye hivyo hivyo.

"Kwani hawa walikuwepo?" Tijani akauliza. "Aje mwenyewe."

"Hawezi kuja," kadhi akasema. "Hawa wamebeba maneno yake. Una ugomvi na mzee?"

"Sina. Ni kama baba yangu."

Kadhi akamgeukia Ihsani. "Binti, una la kuongeza?"

"Sina, maulana. Ila hiyo kamba ni kweli. Nilikuwa nimesahau."

Alisema kama anayemwelekeza mgeni njia. Nilimtazama nikitarajia machozi. Hayakuja.

Kadhi akaamua kwamba talaka imethibiti tangu Rajabu na eda imekwisha. Akamwambia Tijani, "Ukimtaka tena, umpose upya, naye aridhie."

Tijani akamwangalia Ihsani.

"Siridhii," Ihsani akasema polepole.

Nje nikamuuliza, "Dada, u mzima?"

"Sijui, kaka. Nasikia usingizi tu."

Mke wangu aliniambia Ihsani alilala siku ile mpaka alasiri, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Alipoamka aliomba chai, akainywa bila sukari, wala hakulalamika. Siku ya tatu cherehani yake ikasikika. Gauni alilokuwa akishona lilikuwa la bibi harusi wa mtaa wa pili, naye alilimaliza kwa wakati.