Mwaka Mjomba Alipoita Lukanda

Salfa ikipulizwa kwenye mikorosho, harufu yake huingia mpaka kwenye chai. Ni unga wa njano unaowasha macho na kukaba koo, na kila mwaka kuanzia mwezi wa sita nyumba yetu ya Mtawanya ilinuka salfa: mashuka, nywele, ugali wa muhogo, kila kitu. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husimulia harufu ya maandazi. Mimi yangu ni salfa, na nikiisikia tu naiona rangi ya zambarau, maana nilipokuwa na miaka kumi na mmoja Mtwara nzima ilivaa zambarau kwa ajili ya timu iliyoitwa Nyota ya Ruvuma.

Kabla ya hapo ilikuwa timu ya vijana wa kwetu, waliofanya mazoezi peku jioni wakishatoka shamba. Kisha tajiri mmoja akaichukua, ikapanda ligi kuu, na tukaletewa watu ambao tulikuwa tukiwasikia redioni tu. Alikuja kipa wa timu ya taifa. Akaja kiungo Mzambia ambaye hakuwahi kuonekana akitoka jasho. Akaja Lukanda, mshambuliaji kutoka Kongo, mwenye nywele alizozipaka rangi ya dhahabu na mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Walikaa kwenye nyumba ya ghorofa pale Rahaleo, na basi lao lilikuwa na mapazia na kiyoyozi. Likipita karibu na shule yetu, mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza dirishani. Wanawake wa Mikindani, ambao maisha yao yote hawakujua kuotea ni nini, walibishana kuhusu kuotea huku wanapaa samaki. Msimu ule wa kwanza tulimaliza nafasi ya tatu, juu ya timu zilizokuwa zikituona washamba, na nadhani mji wetu haujawahi kuringa vile tena.

Hakuna aliyeringa kumzidi mjomba Saidi, kaka wa mama yangu. Aliipaka zambarau baiskeli yake, mlango wake, na hata mashine ya kupulizia salfa. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mwaka ule alikuwa na neno kubwa la kusema, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaingia jandoni. Mtoto akitoka jandoni hutoka na jina jipya. Mjomba wake huliita mbele ya watu, na likishaitwa limeitwa. Halirudishwi, na lile la utotoni halitajwi tena, kulitaja ni kumtukana. Ndiyo maana hata hapa siliandiki.

Jina la mdogo wangu lilikuwa limemngoja tangu kabla hajazaliwa. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa na kaka mmoja tu, Chilumba. Wakati wa vita vya Msumbiji, Chilumba alivuka mto Ruvuma kwenda kumchukua mkewe upande wa pili, asirudi. Haukupatikana mwili, wala hana kaburi. Bibi alisema hivi, tena mara nyingi, huku anamenya muhogo: kaka yake hana pa kulala mpaka jina lake lipate mtu. Mama alizaa wasichana wanne, nami mmoja wao, na mvulana mmoja. Kwa hiyo Chilumba alikuwa na nafasi moja tu ya kurudi nyumbani, na bibi aliinunulia nafasi hiyo khanga mpya nyekundu, aitandike chini siku ya kutoka jandoni, Chilumba akanyage hapo kwanza kabla ya kukanyaga uwanja wetu.

Siku ikafika. Watoto tisa walisimama mstari mmoja ukingoni mwa uwanja wetu, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wamevaa shuka nyeupe, macho chini kama walivyofundishwa. Ngoma ilikuwa imeshashika moto. Mjomba wa mtoto wa kwanza akaita jina la yule kipa, watu wakapiga vigelegele. Wa pili akaita jina la Mzambia. Kila mjomba aliyesimama aliokota jina kutoka kwenye lile basi. Sisi tulicheka, na bibi alicheka pia, mbele ya mlango, khanga mkononi. Zamu yetu ilipokaribia, gari likasimama barabarani, na akashuka Lukanda mwenyewe.

Nani alimwalika sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba alikuja mpaka kwenye mstari, akavua jezi aliyovaa, yenye jina lake mgongoni, akamvisha mdogo wangu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Watu walipagawa. Wakaanza kuimba, “Lukanda! Lukanda!”, na mjomba Saidi katikati yao, machozi yanamtoka, mikono juu. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona bibi akiinama kutandika khanga. Mjomba akaita, “Lukanda!”

Kelele zilizopigwa pale zilisikika mbali. Bibi alibaki ameinama kidogo, kisha akanyanyuka, akaikunja khanga yake mara mbili, mara nne, akaiweka kwapani. Mjomba alipozinduka alimkimbilia na kupiga magoti. “Mama, sijui nimeshikwa na nini.” Bibi alimtazama. “Limeshaitwa,” alisema, akaenda jikoni kugawa chakula. Nilimfuata, nikamkuta anapakua ubwabwa huku analia bila sauti, na hakuacha kupakua.

Alichofanya baadaye kiliniuma kuliko kilio. Bibi akaanza kusikiliza mpira. Kila Nyota walipocheza aliisogeza redio karibu na kinu chake, na mchezo ukiisha aliniuliza, “Yule ntu wetu kafunga?” Alikuwa hajui hata timu ina watu wangapi. Alitaka tu aliyelimeza jina la kaka yake awe mtu wa maana. Lukanda akifunga alitikisa kichwa taratibu na kusema, “Haya, afadhali.”

Msimu wa pili tajiri akaacha kuonekana uwanjani, halafu akaacha kuonekana mjini. Mzambia akaondoka, kipa naye akafuata. Mwezi wa kumi na mbili Lukanda akaenda timu kubwa ya Dar es Salaam, na mwezi wa nne akarudi Mtwara kucheza nasi, amevaa jezi yao. Alitufunga mawili, akakimbia mpaka mbele ya jukwaa letu na kuibusu nembo ya timu yake mpya. Mdogo wangu alikuwa kwenye jukwaa hilo, amevaa ile zambarau yenye jina mgongoni. Watu wazima walimvua, wakaikanyaga jezi mpaka ikachanika. Nyota walishuka daraja, mwaka uliofuata hapakuwa na timu, na basi likaachwa Rahaleo juu ya mawe. Jina la Lukanda likawa tusi la mji. Mke akimtoroka mume, amefanya Lukanda. Fundi akikimbia kazi, Lukanda huyo. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi, na alipigana shuleni karibu kila siku kwa ajili ya jina ambalo hakuliomba, na ambalo kwa mila zetu hakuweza kulivua.

Siku moja nilimkuta bibi barazani na ile jezi. Alikuwa ameifua. Alichukua khanga nyekundu, ile ile, ambayo haijakanyagwa na mtu, akaikata kwa mkasi na kuishona kiraka mgongoni. Niliuliza kwa nini anaiharibu khanga. “Ntoto ndiye huyu tulonaye,” alisema. Alifariki masika yaliyofuata.

Sasa nakaa Dodoma na nina mtoto wa kiume wa miaka minane. Alitahiriwa hospitalini akiwa mchanga, akapewa jina la upande wa baba yake, na kwenye simu yake anashangilia timu za Ulaya ambazo hazitamjua kamwe. Mwezi wa sita uliopita nilimpeleka Mtawanya. Mdogo wangu alikuwa shambani anapuliza salfa, amejifunga puani kitambaa cha zambarau kilichopauka, chenye kipande chekundu. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye mjomba sasa, na kwamba kuna jina halijapata mtu.

Alizima mashine. Akashusha kitambaa mpaka shingoni, akaja kusimama katikati ya uwanja wetu, na mtu anayeitwa Lukanda akaita, “Chilumba!” Mwanangu, aliyekaa barazani, hakunyanyua macho kutoka kwenye simu, hakujua anaitwa yeye. Mdogo wangu alinitazama, akafuta uso. Kisha akageukia upande wa mikorosho, alikolazwa bibi, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi.