Tairi Lililonipita

Mimi ni mtu wa mifugo, mzaliwa wa Ganako, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchanja ndama dhidi ya ndigana kali, homa ya kupe inayoua ndama wengi, katika maboma ya Ngorongoro na Loliondo. Chanjo hiyo husafiri ndani ya mtungi wa naitrojeni, kwenye baridi ambayo ukiigusa kwa mkono mtupu unaungua kama umeshika kaa. Ukishaiyeyusha, una saa chache tu za kuitumia. Kwa hiyo riziki yangu ilitegemea mambo mawili: mtungi usivuje, na gari lifike.

Gari lenyewe lilikuwa jipu dogo, kuukuu, nililolinunua kwa mtu aliyekuwa akipelekea maziwa mjini Karatu. Kiangazi halikunisumbua. Masika yakianza, lilikuwa linalala kwenye tope jeusi kama punda aliyegoma.

Mwaka mmoja nilikwama mbugani, kabla ya kufika Arash. Nikachimba na jembe mpaka viganja vikachubuka, halafu nikavutwa na lori na kurudi nyumbani. Niliporudi tena ulikuwa umepita mwezi mzima. Kwenye boma la mama mmoja mjane, ambaye nilizoea kumwita yeyo kama Wamaasai wanavyomwita mama, nilikuta ngozi saba za ndama zimeanikwa. Saba, na mwaka ule alikuwa na ndama tisa. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Njia ilikuwa mbaya?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa mbaya. Nilichanja wale wawili waliobaki, nikaondoka bila kunywa chai.

Nilipofika Karatu nilianza kuangalia magari ya watalii kwa jicho jingine. Yalikuwa yanapita mbele ya duka la dawa za mifugo, marefu, yamekanyaga matairi yanayofika kiunoni mwangu, yametoka kwenye tope lile lile lililonishinda. Dereva mmoja aliniambia ana matairi manne yaliyotumika, bado yana meno. Nikayanunua siku hiyo hiyo, nikayapeleka kwa fundi wangu.

Fundi huyo alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, mtu wa maneno machache, Muiraqw mwenzangu. Aliyazunguka yale matairi, akalisukuma moja kwa mguu, kisha akaingia chini ya jipu langu na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono na kuniambia kwa lugha ya nyumbani:

"Dada, tairi ni mguu, ekseli ni nyonga. Unataka kumpa mtoto mguu wa baba yake, lakini nyonga itabaki ile ile ya mtoto."

"Magari ya watalii mbona yanayavaa?"

"Yale yamezaliwa nayo. Ekseli zake nene kama mkono wako. Hii yako," akanionyesha kidole gumba, "ni hivi. Tairi zito italizungusha kwa shida, na ukikanyaga mafuta ukiwa umenasa, kitu kitakachokatika ni hicho."

Alinishauri nichukue tairi la kimo cha juu kidogo tu, jembamba, lenye meno. Nikamwambia tairi jembamba ndilo lililonilaza mbugani. Nikamwambia habari za zile ngozi saba. Nadhani hapo ndipo nilipomshinda, maana alichukua msumeno wa chuma, akaanza kukata madigadi ili matairi yapate nafasi ya kuzunguka. Aliinua springi. Siku ya kunikabidhi gari alinipa masharti: nisikimbize, nisibebe mizigo mizito, nisizungushe magurudumu nikikwama, na kila mwezi nimpelekee akague. Nikakubali yote, kama mgonjwa anavyomkubalia daktari huku anatafuta viatu vyake.

Msimu ule wa kwanza nilikuwa mtu mwingine. Nilipita pale pale nilipovutwa na lori, nikapita bila hata kupunguza gia. Ni kweli usukani ulikuwa mzito, na breki nilizikanyaga mapema kuliko zamani, na mlima wa kutoka geti la hifadhi kwenda ukingo wa kreta gari lilipanda likihema. Sikujali. Maboma yaliyokuwa yananingoja wiki tatu yakawa yananiona kwa siku niliyosema. Kwa yeyo hakufa ndama hata mmoja kwa ndigana mwaka ule.

Mwezi wa kwanza nilimpelekea fundi gari. Wa pili pia. Wa tatu nilikuwa na maboma mengi, nikampigia simu kumwambia nitapita wiki ijayo. Wa nne sikupiga simu. Nyuma upande wa kulia palikuwa pameanza kuvuma, sauti ya chini kama mtu anayeguna usingizini. Nilikuwa nikifungua redio.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, ardhi bado laini. Kabla ya kufika kwa yeyo kuna kikorongo. Nilinasa humo kidogo, nikakanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu yakazunguka, kitu kikalia "ka!" mara moja, na gari likatoka. Kwa kuwa lilitoka, niliendelea. Baada ya kikorongo njia inateremka hadi bomani, na kule chini niliwaona wameshakusanya ng'ombe, wanawake wameshika ndama kwa kamba, yeyo amesimama mbele na fimbo yake.

Katikati ya mteremko niliona tairi likinipita upande wa dirisha langu. Liliruka jiwe, likaenda zake. Kwa muda mfupi sana nilijiuliza ni la nani. Kisha nyuma ya gari ikadondoka chini, chuma kikaanza kulima njia, na nikaelewa.

Nilipiga honi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kimaasai, kwa Kiiraqw. Wanawake waliachia kamba na kukimbia. Tairi lilizidi kupata kasi, likadunda mara mbili kama mpira, likaingia kwenye ng'ombe. Walitawanyika wote isipokuwa mmoja, mweusi mwenye paji jeupe, aliyebaki ameketi kwa namna ambayo ng'ombe haketi.

Nilishuka mbio. Ilikuwa ni mguu wa nyuma, juu ya goti, mfupa umetoka nje. Alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana. Nilijua jibu kabla sijapiga magoti, lakini nilipiga magoti, nikapapasa, nikafungua mkoba nikaufunga tena.

Yeyo alikuja akasimama juu yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole.

"Wewe ndiye daktari. Atapona?"

"Hatapona, yeyo."

"Na ndama wa tumboni?"

"Bado hajafikia kuishi peke yake."

Alimwekea yule ng'ombe kiganja kwenye paji jeupe. Aliniambia ndiye aliyekuwa anawapa maziwa wajukuu wake, mzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake alipoolewa. Hakulia wala hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

"Yeyo, nisamehe. Kosa ni langu."

"Chanja kwanza," akasema. "Ndama hawajafanya kitu."

Basi nilichanja. Wanaume wa boma walikuwa wakimchinja yule ng'ombe hatua chache kutoka nilipokuwa, nami nikayeyusha chanjo, nikavuta bomba la sindano, nikachoma shingo moja baada ya nyingine, nikaweka hereni za alama ya chanjo masikioni. Mwanamke aliyekuwa akinishikia ndama alinishika na mimi kifundo cha mkono ili sindano itulie. Baadaye walinikatia nyama. Nilishindwa kula, na kushindwa huko nako kulikuwa kosa la pili, kwa kuwa kukataa nyama ya msiba wako mwenyewe ni kuwaachia wenzako wabebe peke yao.

Fundi alifika siku ya tatu kwa lori la mnadani, amebeba vyuma kwenye gunia na matairi yangu ya zamani. Kilichokatika kilikuwa hafushafti, ule mkono wa chuma ndani ya ekseli, unaotoka kwenye gia za katikati kwenda kulizungusha gurudumu. Alikiangalia kipande kilichokatika, akaniita nikitazame. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa na kutu: ufa ulikuwa wa zamani, na ni kipande kidogo tu katikati kilichong'aa, kilichokatika siku ile. Hakusema kwamba aliniambia. Aliweka hafushafti nyingine, akarudisha matairi madogo, tukarudi Karatu, ukungu umefunika ukingo wa kreta mpaka hatukuona kitu chochote kushoto wala kulia.

Nililipa kwa ng'ombe, kama ilivyo haki. Nilimchagua mwenyewe mnadani Karatu, mtamba mzuri wa huku juu, jike ambaye hajazaa, mwenye afya, nikamchanja, nikasubiri wiki kadhaa, nikampeleka. Yeyo alimpokea kwa mikono miwili, akampaka mate kichwani kumbariki. Nilijidanganya kwamba limekwisha. Lakini mtamba wa nyasi laini za Karatu hakuwahi kutembea nusu siku kufuata maji. Alikonda. Yeyo alinipigia mara mbili kuuliza dawa, nikamtumia.

Mara ya tatu alipiga mchana, nikiwa kwenye duka la dawa za mifugo. Alinisalimia kwa urefu, akauliza watoto, akauliza mahindi. Kisha akasema, "Ng'ombe wako hainuki tena. Tunataka kumchinja. Nyama yake inaliwa?"

Nilimuuliza walimchoma lini sindano ya dawa niliyotuma. Akasema juzi.

"Basi hailiwi, yeyo. Dawa bado imo mwilini."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alisema, "Haya, asante daktari," akakata.

Msimu uliofuata boma lake lilichanjwa na kijana mwingine kutoka Loliondo, mwenye pikipiki. Sikuuliza kwa nini. Siku hizi nahudumia ng'ombe wa maziwa hapa hapa Ganako, zizi kwa zizi, kwa miguu.