Maneno Mekundu Ukutani

Jumanne ya wiki ya pili ya Agosti, saa nne na robo asubuhi, niliingia tena katika ghala la tumbaku alikofanyia kazi marehemu mume wangu, ambalo sasa linageuzwa kuwa ukumbi wa harusi. Nilikwenda kusoma jina langu.

Enzi zile nilimpelekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kila adhuhuri. Tulikaa chini, nimeegemea marobota ya tumbaku, naye akinionyesha maandishi mekundu juu ya kichwa changu. "Hilo ni jina lako. Nimeliandika mwenyewe." Mnyapara alipotukaripia, mume wangu alicheka: "Ana wivu huyo."

Sikujua herufi hata moja. Nilipoanza kisomo cha watu wazima, miaka minne baada ya kumzika, niliwatambia wenzangu kwamba niliolewa na msomi. Niliposikia ghala linafunguliwa, niliwaalika waje Jumamosi kuona ushahidi.

Msimamizi wa ujenzi, binti mwenye adabu, aliniamkia. Kwa ombi langu alikuwa amewazuia mafundi wasiupake rangi ukuta ule.

"Ni huu, mama?"

Nilisoma silabi kwa silabi, kama nilivyofundishwa. Nikarudia.

USIEGEMEE MAROBOTA.

Kwanza nilidhani alinitania. Lakini nani anayejua kusoma angemketisha mkewe chini ya katazo lile kila siku, kisha akadhani anakaripiwa kwa wivu? Nikakumbuka barua za kaka yake kutoka Ipole. Mume wangu alimpelekea mwalimu jirani yetu azisome, kwa madai kwamba macho yanamsumbua. Macho hayohayo yalitenga jani la tumbaku la daraja la kwanza na la pili hata siku ya mawingu.

Miaka kumi na tisa na miezi mitatu ya ndoa, na sikuwahi kushuku.

"Tupake rangi, mama?"

"Msipake."

"Maharusi watatuuliza."

"Waambieni mjane wa mpanga madaraja ya tumbaku ameomba yabaki."

Jumamosi wenzangu walifika wote saba. Mcheshi wa darasa alisoma kwa sauti, kisha akanigeukia.

"Shoga, mbona jina lako refu hivyo?"

Wakacheka. Ningeweza kusema jina langu lilifutwa. Nilijikuta nikisema jambo ambalo sijawahi kulitamka:

"Mume wangu hakujua kusoma."

Kicheko kilikatika. Mcheshi alirekebisha mtandio wake, akautazama ukuta tena.

"Hata wangu," akasema. "Gazeti alilishika tu."