Nyoka Aliyekwama na Mayai Ghalani

Sokoni Same walinipa jina la mkunga wa nyoka. Aliyelianzisha ni jirani yangu muuza vitunguu, ambaye kila msimu huja kuazima turubai langu bila haya. Alichungulia dirisha la ghala langu la mahindi, akapiga picha, akairusha kwenye grupu la wafanyabiashara. Kabla sijamaliza chai, watu walikuwa wameshacheka, mmoja ameshakemea pepo kwa jina la Yesu, na mwingine ameshauliza kama nyoka mwenyewe ana kadi ya kliniki. Nilizisoma meseji zao zote, moja baada ya nyingine. Kisha nikazima simu na kurudi kupiga magoti mbele ya sanduku, maana ndani yake alikuwamo kiumbe anayekufa.

Alikuwa ametaga mayai manne asubuhi ya jana yake, halafu akaacha. Yaliyobaki niliyaona kwa macho, vinundu vitatu kuelekea mkiani, kama vitunguu vilivyotiwa ndani ya soksi. Alikuwa akijikaza mwili mzima, akitulia, akijikaza tena, na vinundu havisogei hata kidogo. Sikuhitaji kusomea popote kujua kwamba yasipotoka yatamwozea tumboni.

Mimi si mpenda nyoka, na hilo nataka lijulikane. Huyu alikuja na lori la mahindi, nyoka wa nyumbani wa kahawia, asiye na sumu, mnene kuliko dole gumba langu kidogo tu. Wakati huo nilikuwa nimeshaua paka wangu wawili kwa sumu ya panya niliyoitega mwenyewe, na panya wakazidi kunenepa. Yeye akafanya kazi bila kelele. Baada ya miezi michache magunia yakaacha kutobolewa. Nikamzoea, kisha, nakiri, nikampenda. Nikifungua mlango asubuhi nilimtafuta yeye kabla ya kutazama mizani. Mwaka wa kwanza alitaga mahali pake mwenyewe, bila kuniaga. Nilikuja kuyakuta maganda yaliyosinyaa nyuma ya pipa la maji.

Halafu mteja mmoja akamwona juu ya gunia, akapiga yowe, akaapa hatakanyaga tena kwangu. Kwa ajili ya mtu huyo, ambaye kweli hakurudi, nikamwita fundi seremala anitengenezee sanduku lenye wavu. Nikamfungia humo mfanyakazi wangu bora, nikajiambia ni kwa usalama wake.

Sasa mjue mimi ni mtu wa nafaka, na mtu wa nafaka ana adui mmoja, naye ni unyevu. Kabla ya kutaja bei natafuna punje ya mahindi; isipolia kati ya meno, mzigo siuchukui, hata kama umeletwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Sumukuvu haina undugu. Basi sanduku la nyoka nikalitunza kama ninavyotunza gunia. Maranda ya kulalia niliyaanika kila asubuhi, na jua la Same halihitaji kubembelezwa. Wiki ile ya mwisho alipoanza kushinda ndani ya bakuli lake la maji na kulowesha kila kitu, nilimgombeza, nikaliondoa bakuli, nikamwekea maji ya kunywa kwenye kifuniko cha kopo.

Nilimpigia simu bwana mifugo. Alikuja, nampa haki yake, alikuja mara moja. Lakini alipofunuliwa sanduku alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, huyu dawa yake ni fimbo."

"Ng'ombe wa mtu akikwama ndama unamshauri fimbo?"

Akaacha kucheka. Akasema kweli hakusomea nyoka, angemuuliza mwenzake aliyesoma naye chuo. Akatoka nje kupiga simu, akarudi na uso mwingine. Mwenzake alimwambia mnyama apewe nafasi hadi kesho. Yasipotoka, atatumia sindano kufyonza maji ya yai ili lipungue lipite. Akaondoka. Ushauri wa joto na mahali pa kutagia hakunipa, na mimi sikumuuliza, kwa kuwa nilijiona najua.

Mchana huohuo akaingia mama mkwe wangu kutoka Usangi, kule milimani. Mwanawe, mume wangu, alishafariki, lakini kitanda cha mama huyu kwangu kipo, na kila akishuka kwa kliniki ya macho hulala kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeukunja uso hivyo?"

Nikamwonyesha. Hakuogopa. Aliinama, akatazama muda mrefu lile tumbo linavyojikaza, kisha akasema kwa sauti ya upole niliyoifahamu vizuri mno:

"Mzazi akikwama kuna neno limefichwa. Nyumba hii ina neno gani?"

Damu ilinipanda kichwani. Miaka kumi na minane iliyopita, katika chumba chake cha nyuma, nilikwama mimi. Katika ukoo wao mwanamke akikawia kujifungua huulizwa amemkosea nani, na akiendelea kukawia huulizwa amelala na nani. Mume wangu alikuwa kibarua huku chini kwenye shamba la mkonge. Tangu alfajiri hadi jua linataka kuzama wanawake watatu walinizunguka, yeye akiwa mkubwa wao, wakisali, wakinipangusa jasho, wakiniambia, "Taja, mtoto apate njia." Sikuwa na jina la kutaja. Nilipoona hawatanyanyuka, nikataja la fundi cherehani mmoja, mzee wa watu, aliyekwisha kufa, asije akaumia. Wakashusha pumzi. Ndipo mtu akatumwa kutafuta gari. Hospitali tulifika, na mwanangu wa kwanza alitolewa amekwisha kufa. Wawili waliofuata niliwazaa kwa kisu cha daktari, mbali na chumba kile, na jina la fundi yule hakuna aliyewahi kulirudia mbele yangu. Nyuma yangu walilirudia sana.

Nilikuwa sijawahi kumwambia neno juu ya siku ile. Kumpikia nilimpikia, maji ya kuoga nilimpelekea, na shikamoo hakuwahi kuikosa.

"Mama," nikamwambia, "huyo nyoka usimuulize kitu. Akijibu atakutaja wewe."

Nilisubiri akasirike ili nami nipate kumaliza yote niliyoyaweka moyoni. Badala yake akafungua kilango cha wavu, akaingiza mkono wake wenye mishipa, akachota maranda, akayasugua kwa vidole.

"Pakavu hapa," akasema. "Kule kwetu mayai yao tunayakuta kwenye samadi, panapofuka joto na majimaji. Humu alitakiwa atage wapi?"

Nyani haoni kundule. Nikakumbuka maganda nyuma ya pipa linalovuja. Nikakumbuka bakuli, jinsi alivyolizungushia mwili wake wote, nami nikamtoa kwa mkono na kumuuliza, "Una nini wewe? Mbona mkaidi?" Siku mbili nzima niliinama kwenye sanduku lile nikiuliza kwa nini hataki, nikimtafutia kosa yeye anayejikaza. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia yule muuza vitunguu. Nilichukia zaidi kwamba aliyenionyesha ni mama huyu, katika watu wote wa dunia.

Tulifanya kazi bila kusemezana. Nilimwaga maranda yote. Yeye akalowesha gunia la katani kwa maji ya uvuguvugu, akalikamua, akalikunja ndani ya sanduku, akaniagiza chupa ya maji ya moto niiviringishie kanga tuiweke upande mmoja. Nyoka aliingia chini ya gunia mara moja, hata mkia haukuonekana. Asubuhi tukakuta mayai mawili zaidi, yameshikamana. La mwisho lilibaki ndani, kinundu kimoja.

Bwana mifugo alirudi na sindano nyembamba. "Hii msije mkaniweka kwenye grupu," akasema, lakini hakuwa anacheka. Nilimshika nyoka kichwani, mama mkwe akamshika katikati, na sindano ikaingia kati ya magamba, ikavuta maji ya njano mazito. Kinundu kikanywea. Akatuambia tumweke kwenye maji ya uvuguvugu, tungoje, akaenda zake kwa ng'ombe wake.

Basi tukakaa sakafuni, beseni katikati yetu, mama mkwe akimchotea nyoka maji mgongoni kwa kiganja, taratibu. Yai likatoka likiwa limekunjamana, ganda tupu. Yale mengine yote yalikuwa yameharibika kwa kukauka au kwa kukawia, hakuna lililofaa. Ila nyoka mwenyewe alitoa ulimi, akakiweka kichwa kwenye ukingo wa beseni, mzima.

Mama mkwe aliendelea kumchotea maji. Nilimtazama mkono ule. Ndio uliokuwa ukinipangusa jasho siku ile.

"Huyu umempa maji," nikasema. "Mimi uliniuliza majina."

Hakuinua macho. Maji yaliyokuwa kiganjani yalimvuja vidoleni mpaka yakaisha.

"Ndiyo," akasema.

Miaka yote ile nilikuwa nimemwandalia majibu: akisema ilikuwa mila, nitamwambia hivi, akisema ni mapenzi ya Mungu, nitamwambia vile, akilia, nitatoka nje nimwache. Kwa neno hilo moja sikuwa nimeandaa kitu. Hasira haikuondoka, ilikaa palepale ilipokuwa, ila nikakosa pa kuielekeza.

Nikatia kidole ndani ya beseni. Nikamwambia maji yamepoa, aongeze ya moto kidogo. Akaongeza.